Mnyama wa Uani Naye ni wa Nyumba

Katika parseli nyingi za Sanga na Kamina, kusini mwa Kongo, mbwa yupo na paka yupo, lakini ukiuliza ni wa nani, watu hutazamana kwanza. Mbwa ni wa mlangoni, paka ni wa gunia la mahindi. Mbwa anatakiwa abweke usiku, paka anatakiwa akamate panya, na zaidi ya hapo hakuna anayejiona ana deni kwao. Ukiutazama haraka, utaratibu huo una busara: maisha ni magumu, chakula kinapimwa, na kila anayekula lazima afanye kazi. Hata hivyo naona hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe iko upande wa faida kabla hatujafika kwenye huruma. Familia inayompa mnyama jina, sahani na nafasi kati ya watu hupata furaha ambayo haikuitarajia, na juu ya furaha hiyo hupata ulinzi na uwindaji bora kuliko familia inayomweka mnyama kama chombo. Anayetaka kazi tupu huishia kukosa hata hiyo kazi.

Tuanze na mbwa, maana ndiye anayeharibiwa zaidi na imani kwamba ukali hutengenezwa kwa kunyimwa. Mwaka 1965 wanasayansi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John L. Fuller, walichapisha kitabu kilichotokana na miaka mingi ya kulea mbwa katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine. Kati ya aina tano walizozifuatilia, moja asili yake ni Kongo: basenji, mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine. Waliona kwamba kuna kipindi, takriban kati ya wiki ya 3 na ya 12 tangu kuzaliwa, ambapo mtoto wa mbwa hujifunza nani ni jamaa yake. Watoto wa basenji wenye wiki 5 walikuwa waoga kupita wenzao, mtu akiingia wakikimbilia pembeni. Walipozoea kushikwa na kuchezewa, woga ukapungua haraka. Jaribio jingine lililotangazwa mwaka 1961 kutoka kituo hichohicho lilionyesha upande wa pili: watoto wa mbwa waliokaa bila kuguswa na binadamu mpaka wiki ya 14 waliendelea kumwogopa mtu, hata walipobembelezwa baadaye.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Mtoto wa mbwa huondolewa kwa mama yake mapema, akiwa hajajua hata kula vizuri, akatupwa uani. Watoto humrushia mawe kwa mchezo, wakubwa humfukuza jikoni kwa teke, kisha kamba inafungwa shingoni ili awe mkali. Afikapo miezi mitatu amekwisha kujifunza jambo moja tu, kwamba mtu ni kipigo. Huyo atambwekea kila apitaye: mwenye nyumba, mama muuza makala, mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi, mwizi. Na kwa kuwa anabweka saa zote, usiku akibweka hakuna anayenyanyuka kitandani. Mbwa aliyelelewa kati ya watu hubagua. Anamjua mwanafamilia kwa mwendo wake, anamjua jirani, anamjua mwenye baiskeli anayeleta mihogo kila wiki, hivyo sauti yake kwa mgeni wa saa nane za usiku ni tofauti na ile ya mchana, na wenye nyumba huijua sauti hiyo bila kufundishwa. Ulinzi ni habari, na mbwa asiyemjua mtu hana habari ya kutoa.

Kwa hiyo mwache mtoto wa mbwa na mama yake mpaka wiki ya 8. Tangu wiki ya 3 watu mbalimbali wamshike kidogo kidogo, bibi, watoto, mwanamume mwenye kofia, chini ya macho ya mtu mzima, na bila kumkorofisha mama yake. Kamba isiwe maisha yake. Ikiwa ni lazima afungwe kwa saa chache, iwe ndefu, kwenye kivuli, na maji yawe karibu. Shingo yake ikaguliwe kila wiki: kamba ya katani iliyofungwa akiwa mdogo haikui pamoja naye, na wengi huigundua siku inzi wanapoanza kutua kwenye kidonda. Vidole viwili vipite kati ya kamba na shingo, huo ndio mtihani.

Kwa paka tuna kosa la namna hiyohiyo: watu husema usimlishe, akishiba hatakamata panya. Si kweli. Hamu ya kuwinda na njaa ni mambo mawili kwa paka. Aliyeshiba huacha chakula chake akamfukuza panya, na huwa na nguvu ya kukaa saa nzima kando ya tundu. Mwenye njaa huenda kunakonukia, yaani kwenye ndagala za jirani, na akipata huko hukaa hukohuko. Kibaya zaidi, wachache wanaomlisha humpa bukari tupu. Paka si mbwa. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha kiini kiitwacho taurini, ambacho hupatikana kwenye nyama na samaki, na akikikosa muda mrefu macho yake hupofuka na moyo wake hudhoofika. Vichwa vya ndagala, matumbo ya samaki, utumbo wa kuku uliopikwa, vinatosha kuongezea anachokamata mwenyewe. Na chagua moja, paka au sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hulegea, hukamatwa kirahisi, na baada ya siku chache paka naye anavuja damu. Tusimdai paka miujiza pia. Panya mkubwa mzee huwashinda paka wengi. Anachofanya vizuri ni kumaliza wadogo kabla hawajakua, na hilo kwa mwenye gunia la mahindi ndani ya nyumba si jambo dogo.

Hayo ni ya kazi. Furaha yenyewe ni ngumu zaidi kuipima, ingawa watu wamejaribu. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, ileile inayoongezeka mama anapomtazama mtoto wake mchanga. Mwaka huohuo utafiti mkubwa wa Uswidi uliohusu watoto waliozaliwa kati ya 2001 na 2010 ulikuta kwamba waliokaa nyumba moja na mbwa katika mwaka wao wa kwanza walikuwa na hatari ya kupata pumu iliyo chini kwa asilimia 13 walipofika umri wa shule. Mapema zaidi, mwaka 1980, Erika Friedmann na wenzake nchini Marekani walifuatilia wagonjwa 92 wa moyo: baada ya mwaka mmoja, kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani walifariki 3, na kati ya 39 wasiokuwa naye walifariki 11. Nazitaja namba hizi kwa tahadhari. Huenda mwenye afya na mwenye nafasi ndiye anayepata moyo wa kufuga, wala si mnyama aliyemponya. Tena nyumba za Uswidi si za Haut-Lomami, jimbo letu. Ila zinaelekea upande mmoja na jambo linaloonekana bila maabara: mtoto mkorofi anayekataa kutumwa na mama yake hukumbuka kumpa mbwa wake maji, na mzee ambaye watoto wake wamehamia Kolwezi na Lubumbashi hupata wa kusema naye asubuhi. Mtoto anayemtunza kiumbe asiyeweza kusema hulazimika kusoma dalili, sikio lililolala, mkia uliofichwa, mwili unaosinyaa, na hapo anajifunza kumtambua mwenye maumivu kabla hajalia. Sijui somo la darasani linalofundisha hilo.

Atakayepinga kwanza atasema hii ni desturi ya wazungu. Anakumbuka, au alisimuliwa na wazee, mji wa enzi ya ukoloni uliogawanywa, mbwa wa bwana wakila nyama upande mmoja na watu wakihesabu vijiko vya unga upande wa pili. Uchungu huo una haki yake. Lakini aibu ya jambo hilo ilikuwa kwa bwana, mbwa hakuwa na kosa, na mapenzi ya mtu kwa mbwa hayakuja na treni. Kaburi la Oberkassel nchini Ujerumani, lenye umri wa miaka 14,000 hivi, lilikuwa na watu wawili na mtoto wa mbwa aliyekuwa ameugua sana na ambaye inaelekea alitunzwa, maana ni vigumu angeishi wiki hizo za ugonjwa peke yake. Kwetu, wawindaji wa misitu ya kaskazini mwa Kongo walikuwa na basenji wao, wakiwafunga njuga za mti shingoni ili wasikike vichakani, tangu kabla ya Mfalme Leopold. Wazungu ndio waliotufuata. Basenji wa kwanza waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa ugonjwa. Waliofuata wakaonyeshwa London mwaka 1937 na kushangaza watu. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walisafiri mpaka kaskazini mwa Zaire, jina la Kongo wakati huo, kutafuta mbwa wa vijijini, kwa sababu wale wa kwao, waliotokana na wachache tu, walikuwa wameanza kuandamwa na magonjwa ya kurithi. Mbwa tunayemdharau uani alifuatwa kwa ndege kuokoa ukoo wake wa ng'ambo.

Pingamizi la pesa ni zito zaidi, na sitalijibu kwa maneno matamu. Nyumba ambayo watoto wanalala bila kula isichukue mbwa. Iliyo na mlo, hata mmoja wa uhakika, inaweza kumlisha mbwa mmoja wa kienyeji kwa ukoko wa bukari, mchuzi wa maharage, mifupa mibichi na vichwa vya samaki, mradi asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, inayopasuka na kuchoma utumbo, wala vitunguu. Gharama inayowashinda watu haiko kwenye mlo wa mbwa mmoja, iko kwenye idadi. Watatu wenye njaa hulinda vibaya kuliko mmoja aliyeshiba. Jike huzaa, na mimba yake ni siku 63 hivi, kwa hiyo kabla ya joto lake kufika ujue watoto watakwenda kwa nani, au umfungie ndani wiki tatu za joto hilo. Penye daktari wa wanyama anayefunga uzazi, fanya hivyo. Pasipo naye, mlango na ufunguo vinatosha, ingawa kelele zake zitakuudhi.

Halafu kuna kichaa cha mbwa, na hapa anayepinga ana haki kuliko mahali pengine popote. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika. Karibu wote waliumwa na mbwa, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikianza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ila hoja hii, ukiifuata mpaka mwisho, inaniunga mkono. Mbwa wa hatari ni yule asiye na mtu, kwa sababu hakuna wa kumpeleka kwenye chanjo wala wa kugundua kwamba leo amebadilika. Kisiwa cha Pemba, nchini Tanzania, kiliandamwa na kichaa. Mbwa walichanjwa kwa kampeni, ugonjwa ukaisha, ukarudi mwaka 2016, chanjo zikarudiwa, na ukaondoka tena mwaka 2018. Inatosha kuchanja mbwa 7 kati ya 10 mwaka baada ya mwaka ili virusi vikose pa kupita, na mbwa anayechanjika ni yule anayekubali kushikwa na mtoto wa nyumba, akaletwa kwa kamba, akatulia. Chanjo ya kwanza ni mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mara nyingi chupa moja hubeba dozi kumi, hivyo mtaa ukijiandikisha pamoja, mbwa kumi siku moja, daktari wa wanyama hafungui chupa kwa mbwa mmoja na kumwaga iliyobaki. Wanaosema umeme hakuna, chanjo itaharibika, wajue kwamba utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta chanjo moja ya kichaa iliyokaa miezi sita kwenye nyuzi 25 ikiwakinga mbwa sawa na ile ya friji. Hilo si ruhusa ya kuianika juani, ni sababu ya kutokata tamaa.

Na mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au akirambwa penye kidonda: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, hata kama mtoto analia. Jiwe jeusi halivuti virusi. Majani, mafuta na pilipili vinachelewesha tu. Kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya binadamu, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Mbwa naye asiuawe kwa hasira akatupwa. Afungiwe siku 10 mahali salama na habari ipelekwe kwa daktari wa wanyama. Akiwa mzima siku ya 10, hakuwa akiambukiza siku alipouma. Msimngojee atoe povu ndipo mwogope: wengine wanakuwa wapole ghafla, taya limelegea, sauti imebadilika, wanajificha gizani. Mwenye kumjua mbwa wake huyaona hayo siku ya kwanza.

Uchafu mwingine una dawa rahisi. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, kumwogesha mbwa na kumkagua kati ya vidole, maana mbwa hubeba funza wa miguuni kama sisi, na sakafu ya udongo inyunyizwe maji na kufagiwa mara kwa mara. Mama mjamzito asiguse kinyesi cha paka. Mwingine afanye kazi hiyo. Mtoto mchanga asiachwe peke yake na mbwa, hata mpole wa ukoo. Wakubwa kidogo wafundishwe kutomgusa anapokula, anapolala, au anaponyonyesha; watoto wengi huumwa na mbwa wanayemjua.

Kwa Waislamu wachache wa huku, paka hana tatizo, na mbwa wa ulinzi, mifugo au uwindaji ameruhusiwa, chombo alichokiramba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. La uchawi ni gumu kidogo. Watu hawalisemi mbele yako, hulisema ukishapita, na bibi anayeishi peke yake na paka mweusi anaweza kupata taabu ya kweli. Kueleza kwamba macho ya paka hung'aa kwa sababu ya utando wa nyuma unaorudisha mwanga hakumshawishi aliyekwisha kuogopa. Kinachosaidia ni uwazi. Mpe paka jina linalotamkwa mchana, mruhusu aonekane barazani, na akizaa, wagawie majirani watoto wake wakiwa na wiki 8. Nyumba tano zenye paka wa ukoo mmoja hazisemani vibaya kwa ajili ya paka.

Jambo moja sitakubaliana nalo kabisa, nalo ni kumtafuta mnyama wa kipekee porini. Mwaka 2016 iliamuliwa kasuku wa kijivu awekwe kwenye daraja la juu la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe wa porini, kwa sababu ya kukamatwa ovyo, na anayemnunua sokoni hununua pia wengi waliokufa njiani ndani ya kapu. Mtoto wa sokwe hapatikani mpaka mama yake na jamaa zake wauawe kwanza. Sheria ya nchi namba 14/003 ya Februari 2014 inamlinda, na kule Lubumbashi kituo cha J.A.C.K. kinalea yatima wa namna hiyo tangu 2006. Sokwe akifika miaka saba ana nguvu za kuvunja mkono wa mtu mzima. Paka na mbwa wamezoea kuishi nasi kwa maelfu ya miaka, na sokwe hakuomba.

Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye mwenye nyumba hataki mbwa, anaweza kuanza na simbilisi, wanaokula majani, maganda ya mihogo na mabua mabichi, na ambao watoto huwamudu. Lakini hapo kuna swali la kujibiwa mapema: ni wa kupenda au wa sufuria? Yote mawili ni halali. Kisicho halali ni kumwachia mtoto ampe mnyama jina, amlishe miezi sita, kisha akute nyama mezani na aambiwe ale. Kama mpango ni nyama, mwambie siku ya kwanza, na wale wa kula wasipewe majina.

Msimu mzuri wa kuanza ni baada ya mavuno ya mahindi, chakula kikiwepo na wakubwa wakiwa nyumbani, si wakati wa kupalilia ambapo mtoto wa mbwa atabaki peke yake kutwa nzima. Mtafute ambaye mama yake unamjua, mpole kwa wenyewe, na uulize nani atamlisha siku ambazo wewe haupo. Jibu likikosekana, bado mtoto wako anaweza kupata sehemu kubwa ya ninayoyasema hapa kwa mbwa wa jirani: kumpelekea maji, kumjua kwa jina, na siku ya chanjo kumshika kamba, kwa ruhusa ya mwenyewe, mpaka zamu yake ifike.